Mdhamini wa pili katika ombi la mke wangu kuhamia Marekani

Muulizaji:
Habari zenu ndugu. Mimi ni raia wa Marekani na nimemwombea mke wangu viza ya uhamiaji, lakini nilipojaza fomu I-864, ile ya kuahidi kumtegemeza mhamiaji kifedha, niligundua kwamba kipato changu hakifiki asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali. Je, rafiki yangu mwenye ukazi wa kudumu anaweza kutudhamini?

Jibu la kwanza:
Anaweza, kwani sheria haidai undugu. Inatosha awe ametimiza miaka 18, makazi yake yawe Marekani, na kipato chake kitoshe familia yake pamoja na mkeo. Wewe bado utajaza na kusaini I-864 yako, jambo ambalo wengi hulisahau.

Jibu la pili:
Mweleze kinagaubaga anachosaini. Huo ni mkataba unaodumu hadi mkeo apate uraia, ahesabiwe robo mwaka 40 za kazi, ambazo ni takriban miaka 10, aache ukazi na kuondoka nchini, au afariki, talaka haiufuti. Shemeji yangu alikuwa ameshika kalamu tayari, akafika kwenye sentensi hiyo ya talaka, akaiweka kalamu mezani na kuomba wiki moja ya kutafakari. Sikumlaumu.

Jibu la tatu:
Je, una akiba? Kwa mwenzi wa raia, mali inayoweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka mmoja, ikifika mara tatu ya pengo kati ya kipato chako na kile kinachotakiwa, inakubalika.

Muulizaji:
Akiba yangu haifiki hapo. Nitampelekea rafiki yangu fomu nzima aisome kwanza.