Mrejesho: Madeni yalikuwa matatu, sasa limebaki moja

Wapendwa, shalom. Mwaka jana niliomba ushauri: mimi na mume wangu tulikuwa na madeni matatu, na tulikuwa tunafikiria kuchukua la nne ili kulipa yale ya kwanza. Mlituzuia. Asanteni sana.

Kilichotufumbua macho ni hesabu. Mkopo wetu mmoja ulikuwa na riba ya asilimia 2 kwa mwezi, tukaiona ndogo. Kumbe usipolipa, riba inazaa juu ya riba, na mwaka ukiisha ni karibu asilimia 27. Tukaanza na huo, ingawa wengine mlisema tuanze na deni dogo ili tupate moyo. Kwetu, ule mkubwa ndio uliokuwa unatunyima usingizi.

Tuliandika kila senti kwenye daftari. Nguo mpya tukaziacha, simu mbovu ikatengenezwa. Watoto tuliwaeleza ukweli, na mkubwa wetu ndiye anayesoma daftari kila Jumamosi jioni.

Kwenye sadaka tulibishana, nisiwafiche. Mwishowe tulikubaliana tusitoe kwa fedha ya kukopa. Tunatoa kwa tulichopata. Nilimfikiria yule mjane mwenye deni katika Biblia, 2 Wafalme 4: nabii Elisha alimwambia auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Deni lilitangulia.

Madeni mawili yamekwisha. La tatu tunamwomba Mungu neema tulimalize kufikia Desemba, na kila mwezi tunapunguza.