Msaada: Marangu geti mpaka Mandara na kurudi siku moja na bimkubwa, kati ya Krismasi na mwaka mpya kunajaa sana?

BintiWaMwika

Habari zenu wadau. Niko Arusha, mwezi wa 12 tunapanda Moshi kama kawaida, tutakuwa Mwika kuanzia tarehe 22. Mwaka huu nataka nimpeleke mama ndani ya msitu wa Kilimanjaro, tuingie Marangu geti tutembee mpaka Mandara, vile vibanda vya kwanza vya kulala wapanda mlima, tule tulichobeba halafu turudi jioni nyumbani. Tutakuwa mimi, mama, na watoto wangu wawili, miaka 9 na 12.

Kwanini nang'ang'ania hili jambo. Mama ana miaka 63, kazaliwa Mwika, kaolewa hapohapo Mwika, msitu anauona kila siku akifungua mlango wa jikoni na hajawahi kuingia ndani. Alipokuwa msichana walikuwa wanaishia kwenye nusu maili, ule ukanda wa chini wa msitu uliopakana na vijiji, kukata majani ya ng'ombe na kuokota kuni, zaidi ya hapo walikuwa hawaendi. Juzi kwenye simu akaniambia wageni wanatoka ulaya wanapita hapa kwetu kila siku wanaenda kuona, yeye mwenyewe hajui hata mle ndani kunafananaje. Hiyo kauli imenikaa kifuani wiki nzima.

Sasa maswali yangu, tarehe 26 au 27 foleni ikoje pale getini? Kwa umri wake atafika Mandara? Magoti yanamsumbua kidogo kwenye mteremko ila shambani bado analima mwenyewe. Na ni lazima kuwa na mwongozaji hata kama hatulali?

Kibo_Mashariki

Dada karibu, mimi nafanya kazi ya kuongoza wageni hiyo njia ya Marangu miaka kadhaa sasa nikueleze ilivyo.

Kutoka getini mpaka Mandara ni kilomita 8 hivi kwenda tu, kurudi zingine 8. Geti liko kwenye mita 1,800 na ushee, Mandara ni kama 2,700, kwahiyo mnapanda karibu mita 900 taratibu. Mtu mwenye miguu mizima anatumia masaa matatu kupanda na mawili kushuka, na mama na watoto weka manne kupanda. Kwa kimo hicho watu wengi hawaumwi kichwa, shida ya hewa inaanza zaidi huko Horombo, vibanda vinavyofuata juu, kwenye mita 3,700, ila mama akisikia vibaya mnageuza bila ubishi.

Mwongozaji ndio lazima muwe naye, aliyesajiliwa, msikubali vijana wa njiani wanaokuambia wanajua kichochoro. Malipo hayapokelewi keshi, ni kontrol namba au kadi ya benki, na mbebe vitambulisho vya NIDA ndio mpate bei ya mwananchi, bila hicho mtakaa dirishani mkibishana mpaka saa tano. Chupa za maji za kutupa hawaruhusu, mbebe za kujaza, na mifuko ya plastiki ndio kabisa msilete.

Tarehe 26 na 27 kwa kweli kunajaa. Wachagga wote wako nyumbani, wageni wa kulala mlimani nao ni msimu wao, wapagazi wanapima mizigo, magari yamebanana mpaka chini. Mkifika getini saa mbili kasoro mtapita, mkifika saa nne mmeshapoteza siku.

mzawa_wa_Himo

Mimi naomba nimshauri dada kinyume kidogo. Mwaka juzi nilienda na familia siku kama hiyohiyo baada ya Krismasi na sikufurahi hata kidogo. Tulikaa kwenye foleni masaa mawili na nusu, kuingia njiani ni watu mbele watu nyuma, kuna kundi lilikuja na spika ya bluetooth inapiga mziki msituni, watu wamevaa ndala kwenye tope, mbega hatukumuona hata mmoja maana kelele zile mnyama gani atakaa. Saa saba mvua ikashuka, tulikuwa hatujafika hata nusu ya safari, mtoto analia tukageuza. Na ule msitu ni mzuri jamani, iliniuma sana kwamba nimelipa nimeingia na sikuuona.

Kama mama magoti yanasumbua mpeleke Kinukamori pale Marangu Mtoni, au Materuni huku Uru, mtaona maporomoko mtakunywa kahawa mtarudi mapema. Ingawa Materuni nayo siku hizi wikendi ni watu kwa watu.

MamaJoy_Moshi

Mzawa nakuheshimu ila kwa hili sikubaliani. Mama wa Mwika maporomoko ameyaona tangu hajaota meno, aliyoyakosa ni msitu. Kosa lenu lilikuwa siku na saa. Dada si unakaa mpaka mwaka mpya? Ngoja watu washuke. Kuanzia tarehe 3 mabasi yote yanaelekea Dar, nenda siku ya katikati ya wiki kabla shule hazijafunguliwa utaona tofauti.

Na sio lazima mfike Mandara. Mimi nilienda na shangazi yangu wa miaka 70 tukaishia Kisambioni, pale pa kupumzikia katikati ya njia, pana meza na kijito, tukakaa karibu saa nzima. Nusu ya chini ndio yenye ile miti mikubwa imevaa mikufu ya majani na kuvumwani mwili mzima, ukungu ukipita katikati yake unasikia matone tu yanadondoka na wakati mvua hainyeshi. Maji yote yanayoshuka huku kwetu, mpaka ya mifongo, ile mifereji yetu ya kumwagilia mashamba, yanaanzia kwenye msitu huo, mama yako atalielewa hilo kuliko mgeni yeyote.

Mnunulie fimbo, na raba zenye meno, sio zile za jumapili. Koti la mvua kila mtu lake hata kama asubuhi jua linawaka, maana asubuhi kilele cha Kibo kiko wazi na saa sita mawingu yameshafunga.

Kibo_Mashariki

MamaJoy ameongea. Niongeze tu, watoto wakiwa na nguvu Kisambioni mnaweza kugawana, mama abaki na mtu mzima mmoja na hao wengine waendelee na mwongozaji, ila mpange kabla hamjaingia muwe na waongozaji wawili, kikundi kisikatike bila mwenyeji. Wakifika Mandara kuna kreta ya Maundi, dakika 15 hivi tu kutoka kwenye vibanda, hali ya hewa ikiwa safi unaona mpaka upande wa Kenya. Na muongee kwa sauti ya chini, mbega wa huku kwetu ana mkia mweupe mzito kama ufagio, akiruka juu ya njia hamtasahau.

mzawa_wa_Himo

Hapo kwenye tarehe mmenishinda, nakubali. Na mimi nitajaribu tena mwezi wa kwanza.

BintiWaMwika

Wadau nimerudi, niliahidi kwenye inbox kwamba nitaleta mrejesho.

Tulienda tarehe 4 mwezi wa kwanza, na kaka yangu naye tukaenda naye. Tulitoka Mwika saa kumi na mbili na nusu, saa mbili kamili tuko getini, mbele yetu kulikuwa na makundi mawili tu ya wazungu. Dirishani tulimaliza ndani ya nusu saa kwasababu ya vile vitambulisho, asante sana Kibo_Mashariki maana nyuma yetu kuna baba mmoja alisahau cha kwake alirudishwa mjini kukitafuta. Mama alisimama kwanza pale kwenye kumbukumbu ya mzee Yohani Kinyala Lauwo, akawaambia watoto huyu ni wa hapa Marangu, ndiye anayetajwa kumpandisha Hans Meyer mwaka 1889. Sikujua kama anaijua hiyo habari.

Njiani alikuwa anatembea polepole na anasimama kila mahali. Mimi nilidhani amechoka, kumbe anaangalia majani. Hili tulikuwa tunawapa mbuzi, hili bibi yako alikuwa anachemsha, hili silijui. Aliyataja mengi mpaka mwongozaji mwenyewe akawa anaandika kwenye simu. Kima tuliwaona wengi, mbega tuliwaona watano karibu na daraja, mwanangu mdogo, yule wa miaka 9, alikaa kimya dakika kumi nzima kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Tulifika Kisambioni saa tano na nusu. Magoti yalikuwa yameanza hivyo nikabaki naye, watoto wakaendelea na kaka yangu na mwongozaji wa pili, wakafika Mandara ila Maundi kulikuwa na ukungu hawakuona kitu. Sisi tulikula kitumbua na ndizi za kuchoma, mama akaingiza mkono kwenye kile kijito akaniambia maji haya ndio tulikuwa tunapigania zamu ya mfongo usiku, baba yangu analala huko na taa ya chemli. Halafu akanyamaza.

Kushuka ndio kulimtesa, fimbo ilimsaidia sana, MamaJoy Mungu akubariki. Tulirudi getini saa tisa na nusu na mvua ndio inaanza.

Jioni wakati gari linapita pale juu ya Mwika akaomba lisimame. Akashuka akawaonyesha wajukuu mahali walipokuwa wanafungia mizigo ya majani kabla ya kuteremka nayo kichwani, kuna mti wa mruka pale bado upo, na njia ya miguu bado inaonekana imeingia juu kwenye nusu maili.