Wadau wa tamthilia, hawa Lookingglass wa Chicago wanapandishaje vitabu jukwaani?

Jukwaa_Tanga
Habarini wadau. Tuna kikundi cha sanaa hapa Tanga, vijana wengi na walimu wawili watatu, na mwaka huu tumekubaliana tupandishe Kusadikika ya Shaaban Robert jukwaani, mzee mwenyewe ni wa kwetu huku na ingekuwa aibu tusimfanye sisi. Sasa shida imeanzia kwenye skripti. Tulichofanya tulikata kila kitu ambacho sio mazungumzo, kikabaki watu wanajibizana tu barazani kwa mfalme, na ule utamu wote wa maneno ya mzee umepotea kabisa yaani ukisoma ni kama muhtasari wa mtihani. Kuna mtu akatuambia tuwaangalie Lookingglass Theatre wa kule Chicago, kwamba toka waanze kazi yao kubwa ni kugeuza vitabu kuwa maonyesho. Nimetafuta nikakuta orodha za majina na miaka tu, haielezi walifanyaje. Anayewajua naomba anisimulie, walianzaje, walipandisha vitabu gani, na kubwa zaidi maneno ya msimulizi wao wanayapeleka wapi? Na je kikundi cha hivyo kinaweza kuishi au ndo kinakufa baada ya miaka miwili?

mzenji_chicago
Mkuu nakaa huku na hawa jamaa nawapenda sana kwa hiyo nitaandika kirefu, univumilie.

Walianza 1988, wanafunzi wanane wa chuo cha Northwestern, kipo Evanston pale juu kidogo ya Chicago. Mmoja wao ni David Schwimmer, yule Ross wa tamthilia ya televisheni ya Friends, watu wengi hawajui kwamba kabla ya televisheni na hata baada yake huyu alikuwa mtu wa jukwaa na anaongoza maonyesho mwenyewe. Jina lenyewe la kikundi limetoka kwenye kitabu cha pili cha Alice cha Lewis Carroll, yule binti anayepita kwenye kioo, na Alice hawajamwacha mpaka leo. Kuna onyesho lao linaitwa Lookingglass Alice la 2005, limeongozwa na David Catlin ambaye naye ni mmoja wa wale wanane, wamelirudisha mara nyingi sana, waigizaji ni watano tu ila utadhani ni ukumbi mzima wa watu, wanaruka, wananing'inia, wanabadilika hapo hapo mbele yako. Wanafanya kazi na shule ya sarakasi ya Evanston inaitwa The Actors Gymnasium kwa hiyo sarakasi kwao sio pambo, ni namna ya kusema kitu ambacho kwenye kitabu kimeandikwa kwa aya nzima.

Mimi mwenyewe niliingia kuona Moby Dick ya 2015, ya Catlin pia, kutoka kitabu cha Herman Melville. Kile kitabu unakijua ni kinene na nusu yake ni maelezo ya nyangumi. Hawakujenga meli wala nyangumi. Waliweka matao makubwa yaliyopinda kama mbavu juu ya jukwaa, mabaharia wanapanda na kushuka kwa kamba, na walikuwepo wanawake watatu ambao wao ndo bahari, wao ndo nyangumi, wao ndo kifo chenyewe, wanaimba na kuzunguka. Nimekulia Unguja, najua watu wa chombo wanavyoiongelea bahari kama ina nia yake, na pale nilimwelewa yule nahodha Ahab kuliko nilivyomwelewa kwenye kitabu.

Vitabu vingine nitavitaja haraka: The Jungle ya Upton Sinclair kuhusu machinjio ya Chicago hapa hapa, Odyssey ya Homer, Hard Times ya Dickens 2001, Around the World in 80 Days 2008, The Brothers Karamazov, Frankenstein 2019, Villette ya Charlotte Brontë 2023. 2003 wakapata nyumba yao ndani ya Water Works, ile mitambo ya zamani ya kusukuma maji ya mji iliyojengwa 1869 na ikanusurika kwenye moto mkubwa wa 1871 uliokula Chicago, na mpaka leo maji yanasukumwa humo humo jirani na ukumbi. Onyesho la kufungulia nalo lilitoka kwenye kitabu, kile cha Studs Terkel cha mahojiano na Wamarekani kuhusu weusi na weupe. 2011 wakapewa Tony, ile tuzo kubwa ya tamthilia Marekani, ya ukumbi bora wa mikoani.

Lakini mtu wa kumsoma kuliko wote kwa hiyo kazi yenu ni Mary Zimmerman. 1992 alifanya nao The Arabian Nights, yaani hii hii Alfu Lela Ulela tuliyosomewa na bibi zetu. Aliiandika vita ya Ghuba ikiwa mbichi bado, Baghdad imepigwa mabomu, akaona Wamarekani wanapiga mji ambao hawajui hata hadithi moja ya mji huo. Basi akawapa hadithi, na mwishoni kabisa vita vyenyewe vinasikika. Halafu 1998 ikaja Metamorphoses, visa vya Ovid, mshairi wa Roma ya kale, jukwaa lote ni dimbwi la maji na waigizaji wanaishi ndani yake, wanazama, wanapendana, wanakufa humo. Ilifunguliwa New York Oktoba 2001, wiki chache tu baada ya yale majengo pacha kuanguka Septemba 11, na kuna kisa cha Alcyone anamsubiri mumewe aliyepotea baharini, watu walikuwa wanalia wazi wazi ukumbini. 2002 ikaingia Broadway, zile kumbi kubwa za New York, na Zimmerman akachukua Tony ya mwongozaji bora.

Mwl_Bahati
Mzenji umeeleza vizuri sana, mi nishike lile swali la msimulizi maana hapo ndo kuna kila kitu.

Ndugu Jukwaa, wale watoto hawakuanza kutoka hewani. Pale Northwestern kulikuwa na mwalimu anaitwa Robert Breen, toka miaka ya 40 alikuwa anafundisha namna moja ya kupandisha riwaya jukwaani bila kuuondoa usimulizi wake. Frank Galati alisoma na kufundisha hapo hapo, huyu ndo aliyewageuzia Steppenwolf (kikundi kingine cha Chicago) The Grapes of Wrath ya Steinbeck mwaka 1988 ikafika Broadway na kuchukua Tony ya tamthilia bora 1990. Zimmerman naye ni wa hapo hapo, kasoma hapo kafundisha hapo. Kwa hiyo ukiona Chicago wana vitabu vingi jukwaani sio bahati, ni darasa moja limezaa watu.

Somo lenyewe ni hili: maneno ya msimulizi usiyakate, yagawe. Mhusika anaruhusiwa kujisimulia mwenyewe kwa nafsi ya tatu. Chukua mfano mdogo nautunga hapa hapa. Kitabu kimeandika "Salima alikuwa na hasira lakini hakutaka mumewe ajue." Skripti ya kawaida itaufuta huo mstari halafu itamwambia mwigizaji akasirike. Hawa wanamwacha Salima amtengee mume chai huku anatabasamu, halafu anageuza uso kwa watazamaji anasema yeye mwenyewe "Salima alikuwa na hasira, lakini hakutaka mumewe ajue," anamrudia mume, anaendelea kutabasamu. Umeona? Mtazamaji sasa anajua kitu ambacho mume hajui, na lile neno la mwandishi limebaki vile vile lilivyo. Mstari ule ule ukimpa jirani auseme unakuwa umbea, ukimpa mume mwenyewe inakuwa maana yake anajua ila kanyamaza. Kuamua nani aseme mstari upi ndo kuongoza kwenyewe, hamna kazi kubwa kuliko hiyo.

Na hili kwetu sio geni jamani. Fanani wa ngano anafanya hivyo hivyo, sasa hivi ni msimulizi, dakika hii ni sungura, dakika ile ni fisi, na hadhira haipotei hata kidogo. Ebrahim Hussein kaifanyia kazi hiyo kwenye Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi mwaka 1976, Penina Muhando ana Bi Msimulizi wake kwenye Nguzo Mama. Kwa hiyo msijione mnaiga Chicago, njia yetu ilikuwepo ila kwenye riwaya hatujaitumia vya kutosha, na inaniuma kuona kila mwaka wanafunzi wanaigiziwa vitabu vya shule vilivyochunwa nyama yote kikabaki kisa tu.

Halafu Kusadikika mmechagua vizuri mno. Angalieni umbo lake. Karama yuko mbele ya mfalme, Majivuno kamshitaki, roho yake iko mkononi, na anachofanya ni kusimulia! Anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini, kila mmoja alitumwa upande wake akarudi na jambo jema la kuifaa nchi akaishia kifungoni. Huyo ni Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela kabisa, mtu anaongea ili asife. Sasa Zimmerman kwenye The Arabian Nights alifanya kundi lile lile la waigizaji ndo wawe kila mtu kwenye kila hadithi, mtu anatoka kwenye hadithi moja anaingia nyingine mbele ya macho yenu. Nyie fanyeni baraza lenyewe. Wale wazee waliokaa kumhukumu Karama ndo wanyanyuke wawe Buruhani, wawe watu wa nchi za mbali, wawe askari wa gereza, halafu warudi kukaa kumhukumu. Yaani wamecheza maisha ya wale waliofungwa kwa miili yao wenyewe, sasa hukumu wataitoaje?

Kaka_Jumanne
Mwalimu hapo nimesisimka kweli, ila naomba tuongee na hela maana swali la mwisho halijajibiwa na vikundi vinakufia hapo.

Lookingglass wenyewe na Tony yao na jina lao Juni 2023 walisimamisha maonyesho wakapunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi, wamerudi 2025 na Circus Quixote ambayo ni Don Quixote kwa sarakasi. Seattle kulikuwa na kikundi kinaitwa Book-It, toka 1990 kazi yao ni vitabu tu na waigizaji wanasema mpaka yale maneno ya msimulizi kama anavyoeleza Mwalimu, nao 2023 wakafunga moja kwa moja. Korona iliwaondoa watu kwenye kumbi na hawakurudi wote, gharama zikapanda. Na vitabu vina ghali yake, vina watu wengi, vinataka mazoezi marefu. Zimmerman anaingia mazoezini hana skripti, jukwaa limeshabuniwa, anaandika usiku kesho yake anawaletea kurasa. Hiyo inataka waigizaji wanaolipwa waje kila siku, sio kijana wa bodaboda anayetoroka jioni aje mazoezini. Kwa hiyo nyie andikeni kwanza mmalize, halafu ndo muite watu.

Kitu kingine tazama orodha aliyotoa Mzenji. Homer, Ovid, Carroll, Melville, Dickens, Brontë, wote walishakufa zamani haki zao zimeisha, hakuna wa kumlipa. Hapa kwetu sheria ya 1999 ni maisha ya mwandishi na miaka 50 mbele, na Shaaban Robert kafariki 1962. Mkahesabu wenyewe, ila kabla hamjabandika tangazo nendeni COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, mkaulize kwa maandishi, na mchapishaji mkamwone, na familia ya mzee mkaipe heshima yake hata kama sheria haiwalazimishi. Tiketi zikishauzwa ndo mtu anatokea na barua ya wakili, hilo naliogopa sana.

bi_Rehema
Mimi naongeza kidogo tu. Mwaka 2012 ukumbi wa Globe London ulifanya tamthilia zote za Shakespeare 37 kwa lugha 37 na Kiswahili kilikuwemo, waigizaji wa Kenya na Wanawake wa Heri wa Winsa. Waliokaa mle wengi hawajui Kiswahili na walicheka mahali pa kucheka. Ninachosema wanangu, msiogope Kiswahili kizito cha Shaaban Robert mkaanza kukilainisha eti vijana hawataelewa. Mwili wa mwigizaji ukijua anachosema, sikio la mtu linafuata. Sisi tulikariri tenzi hatujui nusu ya maneno na tulilia mahali pa kulia.

Jukwaa_Tanga
Jamani asanteni sana, Mwalimu shikamoo, bi Rehema shikamoo. Nimewasomea wenzangu yote jana usiku na ile ya baraza kunyanyuka na kuwa wajumbe imepita bila mtu kupinga, skripti ya zamani tumeiweka pembeni. Mzenji nimekuelewa kuhusu kutojenga meli, tulikuwa tunahangaika na namna ya kuionyesha nchi iliyo angani na tulishaanza kuulizia bei za mbao. Kaka Jumanne, walimu wetu wanaandika barua ya COSOTA wiki hii.

Swali moja limebaki kwa Mwalimu. Yale maneno ya mwanzo kabisa anapoielezea nchi ya Kusadikika kabla hajaingia mtu yeyote, hayo nani aseme? Wengine wanataka Karama, mimi naona wote kwa pamoja.

Mwl_Bahati
Marahaba. Wote kwa pamoja msiyapeleke muda mrefu, sauti nyingi zinameza maneno na pale kila neno lina kazi. Karama mi nisingempa, yeye akae kimya mpaka ashitakiwe ili sauti yake ya kwanza iwe ya kujitetea. Mpeni Majivuno. Aisifie nchi yake kwa maneno mazuri yote yale ya mzee, na aamini kila anachosema, halafu mstari unaofuata ndo asome mashitaka. Mkijaribu mazoezini na mkiona hayakai, gawieni wazee wa baraza sentensi moja moja, kila mmoja akiingia na yake anakaa kitini.