Naomba ushauri: tuhamie upande gani wa Kanada?

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za leo. Tunaishi Edmonton, na mwanangu wa miaka 7 ana pumu. Kiangazi, moshi wa misitu inayoungua unapotufikia, jua hugeuka jekundu kama kaa la moto, nasi huziba nyufa za madirisha kwa taulo mbichi huku mtoto akikohoa usiku kucha. Mwaka 2023 pekee ziliungua zaidi ya hekta milioni 15 nchini, na mji wa Yellowknife, wenye watu wapatao 20,000, ukahamishwa. Mume wangu anapendekeza British Columbia, lakini siwezi kusahau Lytton, ambako joto lilifika nyuzi 49.6 mwezi Juni 2021 na kesho yake kijiji kikateketea. Kaskazini kabisa sitaki hata kufikiria, maana ardhi iliyoganda tangu enzi inayeyuka na nyumba zinatitia. Halifax kuna upepo wa bahari, ingawa kimbunga Fiona cha Septemba 2022 kilibomoa nyumba katika pwani ya Atlantiki. Ninyi mnaolea watoto wenye pumu huko, hewa ya kiangazi ikoje, na bima ya nyumba hulipia maji ya bahari yakiingia ndani?