Mpika chang'aa ni mgema? Naombeni mnisaidie

Sauti_ya_Magharibi:
Wadau habari zenu. Mimi nasoma habari kwa redio moja ndogo huku magharibi mwa Kenya, juzi nikasoma kwamba chifu na polisi wamewanasa wagema wanne kando ya mto wakiwa na mapipa ya kangara (ile iliyochacha inayochemshwa kutoa chang'aa, pombe kali), aisee sijamaliza hata hali ya hewa simu ikaingia, mzee mmoja anasema yeye ni mtu wa Kaloleni kule Pwani, kazi ndo imemleta huku na kwamba nimewatukana watu wa kwao. Nikabaki mdomo wazi. Huku kwetu ukifungua gazeti ni "wagema wa pombe haramu", ukiwasha TV ni hivyo hivyo, mi nimekua nikilisikia na sijawahi kuliwazia mara mbili. Sasa mgema ni nani hasa? Na kama si huyo wa chang'aa, huyo wa chang'aa tumwiteje?

kotama_la_baba:
Mzee wetu hajakosea hata kidogo. Mgema ni anayegema, na kugema ni kukata mti utoe maji yake. Babangu alikuwa mgema Kilifi huko, alfajiri anapanda mnazi kwa vidato, kotama (kisu cha kugemea) kiunoni, akifika juu anachonga ncha ya ua ambalo bado limefungika, anakata wembamba kama karatasi, si zaidi, kisha ananing'iniza kibuyu (siku hizi ni chupa ya plastiki) anashuka. Jioni anarudi tena mti ule ule, achonge upya, maana asipochonga tembo (pombe ya mnazi) linakatika. Hapo hakuna moto, hakuna pipa, hakuna hamira wala sukari. Tembo likishuka asubuhi ni tamu hata mtoto anaonja, likilala linakuwa kali, ukilisahau siku kadhaa unapata siki ya kutilia kachumbari. Sasa mtu huyo unamweka kapu moja na mtu anayechemsha kangara usiku kichakani? Ada yangu ya shule ilitoka juu ya minazi bwana. Mkisema wagema wamekamatwa sisi huku tunaruka kwanza, tunauliza nani.

Mbeta_Iringa:
Huku Bongo sijawahi sikia gongo inagemwa jamani 😂 gongo inapikwa, mtu ni mpika gongo, polisi nao wakitoa taarifa wanasema pombe haramu ya gongo au pombe ya moshi. Ila kugema tunakujua vizuri sana sisi wa Iringa, tunagema ulanzi, mianzi michanga inakatwa kichwa msimu wa mvua unafungia mbeta (kipande cha mwanzi cha kukingia) unakuja kukusanya. Mgema ulanzi ni mtu na heshima zake. Hata mpira unagemwa, ule wa matairi. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kama hakuna mti unaokatwa hakuna mgema, kwisha.

mwl_mstaafu:
Mnamwonea kijana. Mimi nimefundisha Kiswahili miaka mingi bara, ninavyoona mimi jambo hili limetokana na methali. Kila mtoto wa Kenya amekariri "mgema akisifiwa tembo hulitia maji", lakini mtoto wa Bungoma mnazi ataujulia wapi? Alichobaki nacho kichwani ni kwamba mgema ni mtu wa pombe, basi, akawa mwanahabari akalitumia. Na maneno hupanuka. Hicho kidato alichotaja huyo wa Kilifi si ndicho tunachosema kidato cha kwanza, cha pili? Kilikuwa pengo la kukanyagia kwenye mnazi, sasa kiko shuleni na hakuna aliyelia.

kotama_la_baba:
Mwalimu kwa heshima, kidato kilipelekwa shule, mgema mnampeleka seli. Sio sawa.

mwl_mstaafu:
Hapo umenipata 😀 Basi kijana, ukitaka la kamusi, kuchemsha kitu ukakusanya mvuke wake ni kukeneka, lakini ukisema "wakenekaji" redioni nusu ya wasikilizaji watadhani ni kabila. Sema wapika chang'aa.

Sauti_ya_Magharibi:
Nimewapata. Na mama pima je, naye ni mpika?

Mbeta_Iringa:
Huyo ndo nani?

Sauti_ya_Magharibi:
Ni yule mama anayeuza kwa kipimo, glasi glasi, nyumbani kwake. Wengine wanapika wenyewe, wengine wanaletewa kwa jerikeni.

mwl_mstaafu:
Kama analetewa ni muuzaji, usimwite mpika. Na ile ya kuua watu pia itenganishe. Ile pombe haramu ya kumikumi ya mwaka 2000 Nairobi, iliyoua watu zaidi ya mia na wengine wakapofuka, ile ilikuwa na methanoli, kemikali ya sumu, hao sijui hata kama jina la mpika linawafaa.

kotama_la_baba:
Ndo maana tunakasirika. Yule mgema wa methali tangu enzi na enzi kosa lake ni maji tu.

Sauti_ya_Magharibi:
😂😂 Sawa. Taarifa ya saa moja nasema wapika chang'aa, na yule mzee nampigia simu leo leo.