Simu inaniambia "mfumo wako umesasishwa" wakati apdeti ya mwisho ya usalama ina miaka mitatu!!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira so mnivumilie. Jana app ya benki iligoma kufunguka, inasema toleo la mfumo wa simu yangu halikubaliki tena kwa sababu za kiusalama. Nikasema sawa, ngoja niapdeti. Nikaingia setingi, nikabonyeza pa kuangalia masasisho, kaduara kakazunguka weee, halafu ikaja tiki ya kijani: mfumo wako umesasishwa. Umesasishwa na nani, lini? Nashuka chini kidogo ukurasa huohuo nakuta sasisho la usalama la mwisho ni la miaka mitatu iliyopita. Yaani mtu ananidanganya mchana kweupe na tiki ameniwekea.

Kuachwa na kampuni iliyoitengeneza siyo ishu, kila simu ina mwisho wake. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyeniambia, bila benki kugoma ningeendelea kutembea na nywila zangu zote humo. Na niliinunua mpya, nailoni bado ipo kwenye kioo, kumbe wenyewe wanahesabu miaka ya apdeti kuanzia siku modeli ilipozinduliwa, siyo siku mimi nilipotoa hela. Miaka ilikuwa inaliwa ndani ya boksi.

Sasa najua wanakuja wale wa "mbona app zako zinaapdeti fresh tu" na "usibonyeze linki za ajabu utakuwa salama". App ni app, mfumo ni mfumo. Tundu la usalama la kwenye keneli, yaani kiini cha mfumo, au kwenye Bluetooth haulizibi kwa kuapdeti app ya kuchati. Na huko kubonyeza, mnalikumbuka tundu la Android lililoitwa Stagefright, la 2015? Ujumbe wa video unaingia na simu inaweza kudukuliwa kabla hata hujaugusa. Na matundu ya BlueBorne ya 2017, ilitosha Bluetooth iwe on na mtu awe karibu na wewe, basi. Hukubonyeza kitu, hukukubali kitu.

Halafu kuna hili watu hawalifikirii. Tangu 2015 Google wanatoa taarifa ya usalama ya Android kila mwezi, matundu gani yamezibwa na yalikuwa wapi. Kwa mwenye simu inayopata apdeti hiyo ni habari njema, kwa sisi tuliotelekezwa ni mwizi anachorewa ramani ya nyumba, kila mwezi anaongezewa chumba, miezi 36 sasa. Hahitaji hata kutafuta tundu, anasoma lilipozibwa kwa wenzetu anakuja kulijaribu kwetu. Na antivairasi msiniambie, nayo ni app kama app nyingine, huko chini kwenye keneli haifiki.

Nikasema basi nijipigie romu mwenyewe, yaani niweke mfumo mwingine kwenye simu, LineageOS, wale wa Android ya bure inayotengenezwa na jamii, wamefufua simu kibao zilizotupwa na wenyewe. Wapi! Butiloda, ile programu inayouwasha mfumo, kampuni imeifunga na namba za kufungulia hawatoi. Hawanihudumii na hawataki nijihudumie. Nikawaandikia, baada ya siku tano wananijibu "tunakushauri uhamie modeli mpya". Betri inakaa siku nzima, kioo hakina mkwaruzo, kamera iko poa, nihamie kwa lipi??

Na wasiseme haiwezekani. Google walipotoa Pixel 8 mwaka 2023 waliahidi miaka 7, Samsung wakafuata na Galaxy S24. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika 20 Juni 2025 zinahesabu miaka 5 ya masasisho kuanzia siku modeli inapoacha kuingizwa sokoni. Inapoacha, wakuu, siyo inapozinduliwa. Hapo ndipo hesabu inatakiwa ianzie.

Kwa sasa nimezima Bluetooth, nimetoa benki na barua pepe, nimebadili nywila zote kwa kutumia kompyuta, simu imebaki ya kupigia na tochi. Simu nzima kabisa hiyo!

Mi nadai kitu kimoja tu, hiyo tiki ya kijani iondoke, pakae maandishi mekundu: simu hii hatuihudumii tena tangu tarehe fulani. Kama kuna mtu simu yake inamwambia ukweli hivyo aandike modeli hapo chini, naenda kununua hiyo.