Pikipiki ya matembezi kwa mtu wa miaka 66, Tanga hadi Lushoto: nichukue ipi?

Pwani66
Wakuu, habari za leo. Nina miaka 66, urefu sentimita 168, uzito kilo 70. Goti la kushoto halikunji vizuri, na gumba la mkono wa kushoto huuma nikibana kitu kwa muda mrefu. Natafuta pikipiki ya kutembelea, si ya biashara: Tanga mjini, Muheza, Korogwe, Mombo, na siku nyingine kupanda Lushoto. Mwendo wangu ni 60 hadi 80, mara nyingi peke yangu, wakati mwingine na mama nyuma. Nataka chombo chenye sura ya kizamani na ule mlio wa kudunda wa silinda moja. Nilizoziandika mpaka sasa ni Royal Enfield Classic 350, Meteor 350, na Yamaha SR400 iliyotumika ya kutoka Japani. Ipi inanifaa, na nikague nini kabla sijatoa hela?

FunguoKumi
Shikamoo mzee. SR400 ifute leo hii. Ni pikipiki nzuri sana, lakini haina stata kabisa, ni kiki tu, tangu ilipotoka 1978 mpaka Japani walipoacha kuiuza 2021. Utaratibu wake ni huu: unabana leva ndogo ya kupunguza mgandamizo upande wa kushoto wa usukani, unashusha kiki polepole mpaka alama ionekane kwenye kidirisha cha injini, unaachia leva, unarudisha kiki juu, kisha unakanyaga moja kwa moja hadi chini bila kugusa mafuta. Ukifuata hivyo haihitaji nguvu nyingi. Shida ni kwamba kiki iko kulia. Ukipiga kwa mguu wa kulia, mwili wote unaegemea mguu wa kushoto, ndio huo wenye goti bovu. Ikizimika kwenye kona ya kupanda Soni na basi liko nyuma yako, huna stata ya kukuokoa.

Zinabaki Classic na Meteor. Injini ni moja: cc 349, nguvu farasi 20.2 kwenye mizunguko 6,100 kwa dakika, na msukumo wa Nm 27 kwenye mizunguko 4,000 tu. Pistoni ina kipenyo cha milimita 72 lakini inasafiri milimita 85.8, ndiyo maana inavuta ikiwa chini na ndiyo maana mlio wake unadunda. Hukimbizi injini, unaiacha itembee kwenye gia ya nne.

Tofauti iko kwenye mwili wako. Kiti cha Classic kina urefu wa milimita 805, cha Meteor 765. Kwa sentimita 168, kwenye Meteor nyayo zote mbili zinakaa chini. Kwenye Classic inategemea urefu wa miguu, huenda ukabaki na vidole na nusu ya wayo. Sehemu za kukanyagia za Meteor ziko mbele kidogo, goti linakunjwa kidogo zaidi ya kukaa kwenye kiti cha kawaida. Gia yake ina sehemu mbili, ya kidole na ya kisigino, kwa hiyo kupandisha gia unakanyaga kwa kisigino badala ya kuingiza kidole chini na kuinua. Kwa goti hilo, hilo si jambo dogo.

Kwangu mimi ni Meteor, sura utaizoea.

UsambaraGia
Shikamoo mzee, na FunguoKumi nakuunga mkono kuhusu SR. Ila hamjazungumza uzito. Classic ni kilo 195, Meteor 191. Ikitembea huzisikii. Utazisikia ukiirudisha nyuma kwenye kokoto zenye mteremko, au ukisimama kona kali mguu ukakosa ardhi upande wa chini. Wengi wa umri huo huangusha pikipiki ikiwa imesimama au inatambaa, kwenye geti, kwenye maegesho, wakati wa kugeuza.

Kwa hiyo ukiwa dukani usianze na kuiendesha. Kwanza isukume mwenyewe nyuma hatua kumi, injini imezimwa. Kisha ipandishe kwenye stendi ya kati: kanyaga ulimi wa stendi kwa mguu wa kulia mpaka nyayo zake mbili ziguse sakafu kwa pamoja, weka uzito wote hapo, mkono wa kulia uongoze tu sehemu ya kushikia ya nyuma. Ukijikuta unainua kwa mikono, ama mbinu haijakaa sawa ama hiyo pikipiki ni nzito kwako. Kisha panda na ushuke mara kadhaa, maana kupanda unasimamia mguu wa kushoto huku wa kulia unavuka juu ya kiti. Mama apande baada yako, wewe ukiwa umeshakaa na miguu yote chini.

Ikikushinda hapo, ongeza Hunter 350 kwenye orodha. Injini ileile, kilo 181, rimu za inchi 17, inageuka kirahisi. Shokapu zake za nyuma ni ngumu zaidi, kwa matuta yetu mgongo utajua. Toleo la 2025 limepewa klachi laini, jambo la maana kwa gumba lako.

Kama unataka kuingia msitu wa Amani kutokea Muheza, sahau zote tatu wakati wa mvua. Udongo ule mwekundu ukilowa unajaza tairi za lami, na kilo 190 hazirudi ulikotaka. Huko panafaa kitu chepesi cha tairi za vipingili, kama Yamaha AG200 au Honda XL zile za miradi.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni lami, kilomita 33 hivi, kona mfululizo. Kupanda tumia gia ya tatu, ya pili kwenye kona zilizofunga. Kushuka ndiko kwa hatari: tumia gia ileile uliyopandia, injini ishike, breki uguse kabla ya kona na uachie. Ukishuka na gia ya tano huku umekalia breki ya nyuma, diski inachemka, mafuta ya breki yakiwa ya zamani yenye unyevu yanatoa mvuke, na pedali inazama bila kushika.

Jambo moja zaidi, la kuinua ikianguka. Zima swichi, ingiza gia namba moja. Ikiwa imelalia kulia, toa stendi ya pembeni kwanza, kabla hujagusa kitu kingine, ili ikisimama isiangukie upande wa pili. Zungusha usukani mpaka mwisho, mshiko wa chini usogee karibu na tanki. Ipe mgongo, makalio yakae kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike mshiko huo, mwingine ushike chuma cha fremu au keria. Usishike indiketa, na ujihadhari na eksosi, iko kulia. Kisha rudi nyuma kwa hatua fupi fupi, miguu ndiyo isukume, mgongo ubaki wima. Kwa goti bovu usifanye peke yako, subiri mtu.

Pwani66
Marahaba wote, mmenisaidia sana. Nimepata Meteor iliyotumika, kilomita 14,000, rangi nzuri, mwenyewe yuko Tanga karibu na bahari. Niangalie nini hasa?

SpokuNaCheni
Mzee shikamoo. Rangi iache. Kwa pikipiki iliyolala karibu na bahari, chumvi inaanzia pasipoonekana: chini ya eksosi, kwenye nati za rimu, ndani ya soketi za umeme chini ya kiti, na kwenye mirija ya shokapu za mbele. Pitisha ukucha juu ya mirija hiyo. Ukikwaruza kwenye kadoa hata kadogo, sili zitakatwa na oili itavuja mpaka breki ya mbele.

Fika injini ikiwa baridi, na umwambie mapema asiiwashe. Iwashe wewe. Moshi wa bluu unaoendelea maana yake ni ringi au sili za valvu. Ipandishe kwenye stendi ya kati, mtu akandamize nyuma ili tairi ya mbele inyanyuke, geuza usukani taratibu kushoto na kulia. Ukisikia inakwama kidogo katikati, beringi za usukani zimekwisha. Vuta cheni nyuma ya sproketi kubwa. Ikiachana na meno ukaona mwanga, au meno yamepinda kama ndoano, dai bei ishuke, kwa sababu utanunua cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja.

Rimu za Meteor ni za aloi na tairi hazina tyubu. Ukipata pancha unaziba kwa kamba bila kuvua tairi, wakati Classic ya spoku lazima uvue. Kwa safari za peke yako hiyo ni faida kubwa. Kagua tu ukingo wa rimu kama umepinda kwa mashimo.

Oili iwe 15W-50 yenye alama ya JASO MA2, yaani oili ya pikipiki. Fundi akikuwekea ya gari, klachi itateleza, kwa sababu inaogea oili hiyohiyo. Kipimo utakiona kwenye kioo kidogo upande wa kulia, pikipiki ikiwa wima. Kwa vumbi letu na mwendo mfupi wa mjini, badilisha kila kilomita 5,000 pamoja na filta. Cheni isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, petroli hapana, inakausha mipira iliyo ndani yake. Ilegee kiasi cha sentimita mbili na nusu, kipimo kamili kimo kwenye kitabu chake.

Kwa gumba lako: waya wa klachi utiwe oili kutoka juu mpaka itoke chini, na leva iwe na uhuru wa milimita 2 hadi 3 kwenye shina lake. Waya mkavu unaweza kuifanya klachi laini iwe ngumu mno, na mtu akadhani pikipiki ndiyo mbaya.

Kabla ya kulipa, tafuta nani atakuuzia vitu hivi hapa nchini: filta ya oili, pedi za breki mbele na nyuma, waya wa klachi, na leva ya klachi. Piga simu, waulize bei na kama viko rafuni. Wakisema vinaagizwa, nunua seti moja ya akiba pamoja na pikipiki. Halafu linganisha namba ya chesi na ya injini na kadi, mkabadilishane umiliki TRA (mamlaka ya mapato) siku hiyohiyo, usikubali kuachiwa kadi yenye jina lake na mkataba wa mkono.